Majina ya Wenye Ng'ombe

Jogoo alimponyoka Wilhelmina katikati ya soko la Mwanza, saa nne ya asubuhi, siku ambayo watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Akaruka mafungu ya dagaa, akaangusha kopo la mama muuza karanga, akajitosa chini ya meza ya fundi cherehani.

"Mkamateni jamani! Jogoo wangu huyo!"

Watu wa soko unawajua. Walicheka tu. Mmoja akasema jogoo kachoka na Kisesa, mwacheni naye aone mji. Wilhelmina akapiga magoti na gauni lake la maua mekundu, lile la kwendea misa, akachungulia chini ya meza. Akaona viatu vyeusi vinavyong'aa, soksi zilizovutwa hadi magotini, na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Kisha mkono ukashuka taratibu, ukamshika jogoo miguu yote miwili.

"Ni wako huyu, dada?"

"Wangu. Ahsante, kaka. Mlete."

"Nitajuaje kama ni wako? Mjini hapa kila mtu ana jogoo."

"Kaka, mimi sina muda wa utani. Nina safari."

"Safari ya wapi na jogoo?"

"Ya kwa wakili."

Kijana alicheka hadi jogoo nusura amponyoke naye. "Wakili gani anayelipwa jogoo?"

"Halipwi. Ni zawadi. Baba kasema mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu." Wilhelmina akajipangusa vumbi magotini. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mweusi wa kung'aa, na alipokasirika pua yake ilitanuka kidogo. Kijana aliiona pua ile, na mambo yake yakaharibika kuanzia hapo. "Namtafuta wakili wa mambo ya shamba na duka na... na kufilisika." Neno la mwisho alilisema chinichini.

"Wakili ninayemjua mimi ni Mhindu, hali nyama. Ukimpelekea jogoo atafunga ofisi akaoge."

"Wewe umemjulia wapi?"

"Mimi ndiye karani wake."

"Mwongo!"

"Haki ya Mungu. Twende nikupeleke. Jogoo nimbebe mimi, wewe amekwisha kukudharau."

Huyo ndiye Venant. Nikueleze habari zake vizuri, maana mbele huko utamchukia, na sitaki umchukie bure. Alikuwa Mkerewe aliyelelewa na shangazi yake aliyeolewa Usukumani, Kisukuma kikamkaa mdomoni kuliko Kikerewe. Padri mmoja akamfundisha Kiingereza. Kazi yake kwa Wakili Trivedi ilikuwa kuandika na kutafsiri. Mkulima akisema kwa Kisukuma, Venant anamwambia wakili kwa Kiingereza; wakili akijibu, Venant anamrudishia mkulima. Kati ya watu wawili wasioelewana alikaa yeye peke yake, na hakuna wa kumkagua. Kijana wa miaka ishirini na sita ukimpa kazi kama hiyo, anaweza kujiona mkubwa kuliko alivyo.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Trivedi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, Kiswahili chake kifupi kifupi lakini safi. Alimsikiliza Wilhelmina bila kumkatiza.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Mzee Shimba, baba yake, alikuwa mkulima wa pamba Kisesa, mtu wa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Bei ya pamba ilipopanda, ile miaka ya hamsini mwanzoni, watu wakamwambia, "Shimba, usifie kwenye vumbi, fanya biashara." Akafungua duka. Akanunua lori kwa ushirika na rafiki yake. Siku moja rafiki akaondoka na lori kwenda kubeba pamba, na mpaka leo bado anaibeba. Sasa wenye maduka ya jumla waliomkopesha bidhaa walikuwa wamepeleka mashtaka. Walitaka mahakama itangaze kwamba Shimba ni muflisi, na mfilisi wa serikali achukue kila alicho nacho awagawie.

"Shamba hawachukui," wakili alisema. "Ardhi ile ni ya mila, haiuzwi. Lakini duka, jembe, ng'ombe, vyote vinaandikwa. Baba yako ni mkweli?"

"Mkweli sana, bwana."

"Basi alete ukweli wote. Nikijua nusu, nitamtetea nusu. Ada atalipa akiuza pamba."

Wilhelmina akashuka ngazi akiwa mwepesi kidogo. Venant akamsindikiza hadi kwenye basi la Kisesa, na jogoo akarudi kwao.

Kesi za kufilisika huenda polepole, na mapenzi hayana subira hiyo. Karatasi ya kufuatwa mara moja ikafuatwa Jumamosi nne.

"Karani, barua yetu bado?"

"Bado. Wino haujakauka."

"Tangu Jumamosi iliyopita?"

"Wino wa Kiingereza huo, Mina. Mzito."

"Na wewe ni mzito wa kusema unachotaka."

"Nataka twende Pasiansi, tukae ziwani kidogo."

"Haya basi, ndiyo useme!"

Wakawa wanakwenda Pasiansi kwa baiskeli, Wilhelmina amekaa nyuma, kanga ameifunga kichwani upepo usimharibie misuko. Wakakaa juu ya mwamba wakitafuna miwa, chini yao wanawake wakifua na kuanika nguo kwenye mawe, harufu ya samaki wa kubanikwa ikiwajia kutoka kwenye vibanda.

"Mina."

"Abee."

"Nikikuoa utanipikia sato au michembe ya viazi?"

"Nani kasema naolewa na wewe? Una ng'ombe wangapi?"

"Sina hata mkia."

"Basi kula upepo wa ziwa." Lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Venant, na hakuutoa.

"Baba yako anao wangapi?"

Hapo Wilhelmina akaacha kucheka. Akautupa muwa. "Zizini wako ishirini na tisa," akasema. "Kumi na saba si wake."

Venant alielewa mara moja, kwa kuwa kalelewa huko. Msukuma mwenye ng'ombe haweki wote zizi moja. Ukiingia ugonjwa, akiingia mwizi au ndugu mwenye tamaa, atabaki na nini? Baadhi huwawekesha kwa mtu anayemwamini. Huyo hunywa maziwa, na mara moja moja hupewa ndama. Anachodaiwa ni kimoja tu, asimwambie mtu yeyote ng'ombe wale ni wa nani.

"Wa nani?" Venant akauliza.

Wilhelmina angenyamaza hapo, mimi nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia. Lakini alikuwa amelibeba jambo lile peke yake miezi mitatu, na huyu aliyekaa naye alikuwa anampenda.

"Wanane wa Mzee Mayala. Wanne wa Ngosha. Watano wa Mhoja. Hao watano ndio wanaoniumiza, Venant. Mumewe alipokufa shemeji zake walibeba kila kitu, hata mlango wa nyumba. Ng'ombe hao aliwatorosha matanga hayajaisha, akaja nao kwa baba analia. Shemeji wakijua waliko, hawatakaa siku mbili."

"Baba yako atawataja kwa wakili?"

"Baba? Afe kwanza. Anasema mfilisi awachukue wote, yeye atalima awarudishie wenyewe mmoja mmoja, hata kwa miaka kumi. Anasema ng'ombe hulipwa, lakini siri ya mtu ukiitoa utamlipa nini? Ana miaka sitini na mbili! Atafia kwenye jembe. Na mimi ni binti yake, sina mdomo wa kusema." Akalia, na Venant akamkumbatia mbele ya wafuaji wote.

Sasa nisikilize hapa. Kwetu jambo zito halisemwi na mwenyewe. Binti akimtaka kijana, shangazi ndiye husema. Mtu akimkosea mkwewe, hutafuta wa kumtuma. Maneno makubwa hupita mdomo wa mwingine, ndiyo heshima. Wilhelmina alikuwa analia tu, kama mtu yeyote aliyechoka. Venant akaona ametumwa. Akaona mpenzi wake amempa yale majina ayafikishe mahali ambapo yeye hawezi kuyafikisha. Na hakuuliza. Neno moja tu lilihitajika, "Mina, unataka niseme?" Hakulisema.

Siku ya kiapo Mzee Shimba alikuja mjini amevaa koti jeusi la zamani na makubazi ya mpira wa gari. Akamwacha binti yake chini ya ngazi, akisema mambo ya ng'ombe si ya watoto.

"Shikamoo, baba," Venant akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Mzee alimpenda kijana yule. Alikwisha kusikia habari za baiskeli na Pasiansi, akajifanya hajasikia.

Kiswahili cha mzee kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo wakili akauliza kwa Kiingereza kama ng'ombe wote wa zizini ni wa Shimba. Venant akauliza kwa Kisukuma.

"Zizi ni langu," mzee akajibu. "Waliomo ni wangu wote. Sina neno lingine."

Venant akamgeukia wakili. Akasema mzee anao kumi na wawili, na kumi na saba amewekeshwa na watu. Majina hakuyatamka, asije mzee akayasikia; aliyaandika kwenye kikaratasi, Mayala, Ngosha, Mhoja, kila mmoja na hesabu yake, na kalamu ya Trivedi ikawa inakwenda.

"Ana hakika?" wakili akauliza.

"Una hakika, baba?"

"Nina hakika."

"Mwambie hiki ni kiapo. Akisema uongo ni jela."

Hayo Venant aliyatafsiri sawasawa. Mzee Shimba akaitikia kwa kichwa, akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Venant alijiona shujaa. Alijua mahakamani mambo husomwa kwa Kiingereza, na nani wa Kisesa anajua Kiingereza? Ng'ombe wa watu wangebaki zizini, mzee asingejua kilichowaokoa, na Mina wake angelala usingizi. Hivyo ndivyo alivyojipangia.

Wiki tatu baadaye kesi ikasikilizwa. Hakimu, Mzungu mwekundu mwenye mafua, alipofika kwenye ng'ombe akasimama. Kama hawa ni wa watu wengine, akasema, basi majina yasomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mwenye pingamizi ajitokeze. Mkalimani wa mahakama akainuka na karatasi.

Benchi za nyuma zilikuwa zimejaa watu wa Kisesa. Kufilisika kwa jirani ni tamasha, tusidanganyane. Ngosha alikuwepo. Shemeji wawili wa Mhoja walikuwepo pia, wamekuja kuangalia tu.

"...wanane mali ya Mayala, wanne mali ya Ngosha, watano mali ya Mhoja, mjane..."

Shemeji mmoja akamgusa mwenzake goti. Wilhelmina akageuka kwenye benchi. Akamtazama baba yake, na baba yake alikuwa amefumba macho.

"Bwana Shimba," hakimu akauliza kupitia mkalimani, "haya ni maneno yako?"

Mzee akafumbua macho. Hakumtazama hakimu. Alimtazama Venant, aliyekaa nyuma ya wakili na faili mapajani, na akaona uso wa kijana ulivyobadilika. Akajua. Kisha akageuka akamwona binti yake kafunika mdomo kwa mikono miwili, akajua na lililobaki. Akisema si maneno yake, ameapa uongo; na kijana yule naye ataulizwa, na binti ataulizwa.

"Dole ni langu," akasema.

Wakili Trivedi alifurahi sana. Ng'ombe kumi na saba walikuwa wameokoka, na akampa mzee mkono. Mzee akaupokea mkono ule kwa adabu.

Kabla jua halijazama, shemeji wa Mhoja walikuwa zizini na fimbo. Mhoja alikuja mbio kutoka shambani, tope miguuni, akamshika ng'ombe mmoja shingo, wakambandua kama kupe. Kesho yake Mzee Mayala akachukua wa kwake bila kusalimia. Ngosha akachukua wa kwake, yeye akatema mate mlangoni. Wiki iliyofuata mfilisi akawauza kumi na wawili wa mzee mwenyewe, na duka, na jembe la kukokotwa. Zizi likabaki samadi na inzi.

Wilhelmina alimkuta Venant chini ya ngazi ya ofisi. Hakuwa amesuka. Kanga kaifunga vibaya, kama mtu aliyetoka nyumbani mbio.

"Nani alikutuma?"

"Mina, nisikilize..."

"Nakuuliza, nani alikutuma?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema huna mdomo wa kusema. Ukanitajia mmoja mmoja, na idadi zao. Nikajua unanituma. Kwa nini ungenitajia?"

"Kwa sababu nilikupenda!" Alipiga kelele hadi wauza vitambaa wakatoka nje. "Kwa sababu ilinielemea, na wewe ulikuwa mtu wangu! Mtu akikulilia begani umetumwa? Eti nimekutuma! Unajua wanamwitaje baba? Ng'ombe si kitu kwao, hata angekufa na deni lao. Wanamwita mdomo wazi. Baba yangu mimi!"

"Nilitaka kumwokoa."

"Ulimwuliza?"

Wilhelmina akaondoka, na safari hii hakusindikizwa.

Akatuma barua, zikarudi hazijafunguliwa. Akaenda Kisesa kwa baiskeli, akafukuzwa na mbwa na wajomba. Mwezi wa pili tangu kesi akafanya ambalo karani hakuruhusiwa. Wakili alipokwenda mahakamani, akashika simu ya ofisi, akamwomba opereta kinu cha pamba cha karibu na Kisesa. Wilhelmina alikuwa amepata kibarua huko cha kuchambua pamba.

"Haloo! Niitieni Wilhelmina wa Shimba! Ni jambo la mahakama!"

Alisubiri, macho mlangoni. Halafu akasikia pumzi.

"Haloo."

"Mina. Usikate, mpenzi wangu, nakuomba. Nimekosa. Niambie nifanye nini."

Nyuma yake mashine za kinu zilikuwa zinanguruma.

"Jana tulikuwa na msiba," Wilhelmina akasema taratibu. "Baba akaenda kuchimba kaburi, kama wanaume wengine. Wakampokonya jembe. Wakamwambia marehemu alikuwa na siri zake, asije akazifukua. Watu wakacheka, Venant, msibani. Akarudi nyumbani akalala na koti lake, hajala mpaka sasa."

"Nitakuja nimpigie magoti."

"Baba anajua ukweli, magoti yako ya nini kwake? Wasiojua ni wale. Njoo useme mbele yao, si kwenye waya."

"Mina, kugeuza kiapo cha mtu ni jela. Ni miaka, si miezi."

"Najua."

"Unataka nifungwe?"

"Sitaki. Nakupenda, mjinga wewe. Lakini sitaki na baba afe hivi." Akakata.

Jioni ile Trivedi aliporudi, Venant alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, upande wanakosimama wateja.

"Bwana, nataka kuweka wakili."

"Wa kumtetea nani?"

"Wa kunitetea mimi."

Akamweleza yote. Mzee Mhindu akavua miwani, akaiweka juu ya meza. "Siwezi kukutetea," akasema mwishowe. "Mimi ndiye uliyenidanganya. Ukisema hadharani, mimi nitaitwa shahidi, nami nitasema kweli." Akanyoosha mkono. "Funguo." Venant akampa. Alipofika mlangoni akamsikia mzee akisema, "Nilimwuliza yule binti kama baba yake ni mkweli. Wewe sikukuuliza."

Jumatatu baraza la mwanangwa, mkuu wa kijiji, lilikutana Kisesa kuhusu mipaka ya malisho. Wanaume walikuwa kwenye magogo, wanawake pembeni, na askari mmoja wa boma aliyekuja kwa mambo ya kodi amekaa kivulini. Mzee Shimba alikaa mwisho wa gogo, na gogo lile alikuwa nalo peke yake. Venant akaingia katikati kwa miguu, bila baiskeli, shati jeupe limelowa mgongoni. Wilhelmina alipomwona, akasimama.

"Wazee wangu, naomba kusema," akaanza kwa Kisukuma. "Mzee Shimba hakumtaja mtu. Aliulizwa mbele yangu, akajibu kwamba wote ni wake. Majina niliyaweka mimi kwa Kiingereza, yeye hakuelewa, akaweka dole. Hakutoa siri ya mtu yeyote. Mimi ndiye mwongo."

Pakazuka kelele. Mwanangwa akapiga fimbo chini. "Kijana, huyo ni askari wa serikali, na anakusikia."

"Najua, mtukufu."

"Majina uliyapata wapi?"

"Niliyapata mwenyewe." Wilhelmina akafungua mdomo, na Venant akamtazama mara moja tu, akatikisa kichwa.

Mwanangwa akageuka. "Shimba. Mwenyewe upo. Kama ni kweli, sema neno moja tu, na kila mtu hapa atakuomba radhi."

Miezi miwili mzee alikuwa akilisubiri neno hilo. Alikonda kwa ajili yake. Watu wote walimgeukia, na Mayala alikwisha kuinama kwa aibu. Mzee Shimba akamtazama askari, ambaye sasa alikuwa amesimama na pingu kiunoni. Akamtazama Venant. Akamtazama binti yake, mwanawe pekee, akimtazama kijana yule kwa macho ya mtu anayemwona wake akizama. Akainuka polepole, mkono gotini.

"Anadanganya," akasema.

"Baba!" Wilhelmina akalia.

"Nyamaza, mama. Wazee, kijana huyu anampenda binti yangu. Amekuja kunibebea mzigo, na mzigo si wake. Majina niliyataja mimi, kwa mdomo wangu. Niliogopa umaskini."

Askari akakaa. Sauti iliyotoka kwa watu haikuwa kelele tena, ilikuwa mguno wa kuchukia. Ngosha akatema mate. Kisha Mhoja akatoka upande wa wanawake, mwembamba, kanga moja tu, akaja akasimama mbele ya mzee.

"Shimba, mimi nilikuja kwako na machozi."

"Ulikuja, mama."

"Nikakuamini."

"Uliniamini." Na mzee akasimama mbele yake mpaka Mhoja alipochoka kumtazama, akaenda zake.

Mzee, binti yake na Venant wakarudi nyumbani kwa njia ya mashambani. Walipofika kwenye zizi tupu, Venant akaanguka magotini, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Inuka," mzee akasema. "Jina langu uliliiba. Leo nimekupa. Sasa si wizi tena, na mimi sidai."

"Kwa nini, baba? Ningefungwa tu. Ningetoka."

"Ungetoka na miaka thelathini na kitu, na huyu angekungoja, namjua. Mimi jina nitalifanyia nini kaburini?" Akaegemea mti wa zizi. "Nataka mahari."

"Sina kitu, baba. Hata kazi sina."

"Una mikono. Kila msimu utamlimia Mhoja shamba lake la pamba, hadi mmoja wenu afe. Na hutamwambia kwa nini. Si yeye wala padri wako, wala watoto wako. Hiyo ndiyo mahari, nione kama utaweza kuimaliza."

Walifunga ndoa baada ya Pasaka, watu sita kanisani. Mzee Shimba hakuwa na wa kumsalimia Kisesa, akaenda Kigongo, akavuka na pantoni kwenda Busisi, akaishi kwa dada yake. Alikufa huko mwaka mmoja kabla ya Uhuru, akazikwa na watu wasiomjua.

Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha, Venant na Wilhelmina walikuwa shambani kwa Mhoja alfajiri, na majembe yao, na baadaye na watoto mgongoni. Mwanzoni mama yule aliwafukuza. Mwaka wa tatu akaanza kuwaletea uji. Mwaka wa Uhuru, wote wakiwa wamechoka, akakaa nao kwenye tuta, akamshika Wilhelmina mkono, akamwambia jambo ambalo alikuwa amelifikiria siku nyingi.

"Mungu awabariki, wanangu. Hamkufanana hata kidogo na yule mzee."

Wilhelmina akafungua mdomo, akaufunga. Alimtazama mumewe. Venant alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yakimdondokea kwenye udongo, na alikuwa anaendelea kulima.